Dhamana ya Mahakama na Bunduki ya Askari: Funzo kutoka Uganda



Hakuna jambo linalomkera askari mpelelezi kama kumwona mtu aliyemsaka kwa miezi mingi, porini na mijini, akitoka mahakamani kwa miguu yake mwenyewe kabla kesi haijasikilizwa. Askari amelala nje kwenye mvua. Pengine mwenzake amejeruhiwa katika kumkamata mtu huyo. Mashtaka ni mazito: ni mauaji, au uhaini, au unyang'anyi wa kutumia silaha. Kisha wakili mmoja aliyevaa joho jeusi anasimama mbele ya jaji, anatoa hoja zake, wadhamini wanatia saini, na jioni ile ile mshtakiwa anakwenda kulala nyumbani kwake. Manung'uniko yanayofuata katika kambi na katika vituo vya polisi yanajulikana, wala si ya kudharauliwa, kwa kuwa yanatoka kwa watu waliohatarisha maisha yao.

Lakini manung'uniko ni kitu kimoja, na tendo ni kitu kingine. Swali linalostahili kuzingatiwa na kila mtu aliyekabidhiwa silaha na nchi yake ni hili: mahakama ikifungua mlango, na askari akaamini kwa dhati kwamba mlango huo haukupaswa kufunguliwa, askari huyo afanye nini? Katika nchi jirani ya Uganda, swali hilo lilijibiwa kwa mtutu wa bunduki mwaka 2005, na likajibiwa hivyo tena mwaka 2007. Gharama ya jibu hilo ilikuja kujulikana mwaka 2010, na yafaa ichunguzwe kwa utulivu, kwa sababu waliolipa gharama hiyo hawakuwa washtakiwa peke yao.

Yafaa kwanza kukumbusha jinsi mambo yalivyokuwa. Mwaka 2004 vyombo vya usalama vya Uganda viliwakamata watu kadhaa waliodaiwa kuwa wafuasi wa kundi la waasi lililoitwa People's Redemption Army, kundi ambalo Serikali ilisema lilikuwa na maficho yake mashariki ya Kongo. Watu 22 walishtakiwa kwa uhaini na kwa kuficha uhaini, wakawekwa rumande. Uhaini katika sheria za Uganda ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kuwa kifo. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Oktoba 2005, Dakta Kizza Besigye, kanali mstaafu ambaye zamani za vita vya msituni alikuwa daktari wa Yoweri Museveni, na ambaye mwaka 2001 alipambana naye katika uchaguzi wa Rais, alirejea nyumbani kutoka uhamishoni Afrika Kusini. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu kabla ya kampeni za uchaguzi mwingine. Tarehe 14 Novemba alikamatwa, akaunganishwa katika kesi ya uhaini pamoja na wale 22, na juu ya hayo akashtakiwa kwa ubakaji. Mji wa Kampala ulikumbwa na ghasia.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani pa Mahakama Kuu. Watu walioshtakiwa kutaka kuipindua Serikali kwa silaha, upinzani uliochemka mitaani, na uchaguzi mlangoni. Lau pangetafutwa kesi ya kuupima uvumilivu wa askari mbele ya amri ya jaji, isingepatikana iliyo ngumu kuliko hiyo.

Sasa yafaa ielezwe dhamana ni nini, maana mara nyingi neno hili hutamkwa kana kwamba lina maana ya kusamehewa. Dhamana haimfutii mtu mashtaka. Haisemi kwamba polisi walikosea kumkamata. Ni ahadi iliyofungwa kwa masharti, kwamba mshtakiwa atafika mbele ya mahakama kila atakapoitwa, na kwamba asipofika, wale waliomdhamini watalipa. Msingi wake ni kanuni iliyomo katika Katiba za nchi zote za Afrika Mashariki, kwamba mtu huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka mahakama itakapomtia hatiani. Rumande si adhabu. Ni mahali pa kumweka mtu ambaye pana sababu ya kuamini kwamba akiachwa huru atakimbia, au atawatisha mashahidi, au ataharibu ushahidi.

Katiba ya Uganda, katika ibara yake ya 23, inampa kila aliyekamatwa kwa kosa la jinai haki ya kuiomba mahakama impe dhamana. Haki hiyo ni ya kuomba. Kupewa au kunyimwa hubaki mikononi mwa mahakama. Ila kuna kikomo. Kwa makosa mazito yanayosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, mtu akikaa rumande siku 180 bila kesi yake kupelekwa Mahakama Kuu kusikilizwa, basi mahakama yapaswa kumwachia kwa masharti inayoyaona yanafaa. Kabla ya marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 kikomo hicho kilikuwa siku 360. Kwa maneno mengine, Katiba inamwambia mwendesha mashtaka: kama unao ushahidi, ulete, kama bado unautafuta, hutautafuta milele huku mtu amefungiwa.

Kazi ya wakili wa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa zito si nyepesi kama inavyodhaniwa vijiweni. Hupeleka maombi yake kwa maandishi, yakiambatana na hati ya kiapo. Hapana budi aonyeshe kwamba mteja wake ana makao ya kudumu yanayojulikana, na kwa jambo hili barua ya mwenyekiti wa baraza la mtaa au kijiji huwa na uzito. Huleta wadhamini, watu wazima wenye heshima na mali, ambao mahakama huwahoji mmoja mmoja: wanamfahamu mshtakiwa tangu lini, wana undugu gani naye, wanaelewa nini litawapata akitoroka? Sheria ya Uganda inayohusu mashauri ya Mahakama Kuu inataja pia hali za pekee za kuangaliwa, kama vile ugonjwa mkubwa uliothibitishwa na mganga wa magereza, umri mdogo sana au uzee, na kutokuwapo kwa pingamizi la Mkurugenzi wa Mashtaka. Upande wa Serikali nao hupewa nafasi kamili ya kupinga. Mwisho jaji huamua, na akikubali huweka masharti: pasi ya kusafiria kukabidhiwa, kuripoti kwa msajili kila baada ya siku kadhaa, kutokutoka nje ya eneo fulani bila ruhusa.

Tarehe 16 Novemba 2005, katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, Jaji Edmond Lugayizi alikubali maombi ya dhamana ya washtakiwa 14 kati ya wale 22. Kilichobaki kilikuwa kazi ya makarani: kuandaa hati, wadhamini kutia saini, na magereza kuwafungulia watu hao. Wakati kazi hiyo ikiendelea, watu wenye silaha walilizingira jengo. Walivaa fulana nyeusi, si sare za kawaida za jeshi wala za polisi, na wananchi wakawapa jina la Black Mamba, nyoka ambaye sumu yake haina msamaha. Kazi ya kuandaa hati ikavurugika. Watu 14 ambao jaji alikuwa ametamka kuwa waachiwe kwa dhamana walirudishwa gerezani Luzira.

Mwezi huo huo washtakiwa wote, Besigye akiwa pamoja nao, walifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi huko Makindye. Mashtaka mapya yalikuwa ugaidi na kumiliki silaha kinyume cha sheria, nayo yalijengwa juu ya mambo yale yale ambayo tayari yalikuwa mbele ya Mahakama Kuu ya kiraia. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa jambo moja, akawa na kesi mbili katika mahakama mbili, na mlango ulipofunguliwa huku ulifungwa kule. Hilo lilionekana wazi tarehe 25 Novemba, Mahakama Kuu ilipompa Besigye mwenyewe dhamana ya muda. Hakutoka. Amri ya mahakama ya kijeshi ilimbakiza ndani mpaka tarehe 2 Januari 2006, siku ambayo Jaji John Bosco Katutsi aliamuru aachiwe, baada ya kuona kwamba kuendelea kumshikilia hakukuwa na msingi wa kisheria.

Majaji wa Uganda hawakunyamaza. Jaji Kiongozi James Ogoola aliulaani uvamizi ule hadharani. Chama cha Wanasheria cha Uganda kilikwenda Mahakama ya Katiba, na tarehe 31 Januari 2006 mahakama hiyo ikaamua kwamba kitendo cha watu wenye silaha kuingilia shughuli za Mahakama Kuu kilikuwa kinyume cha Katiba, na kwamba mahakama ya kijeshi haikuwa na mamlaka ya kuwashtaki watu hao kwa ugaidi. Tarehe 7 Machi 2006 Jaji Katutsi alimwachia huru Besigye katika lile shtaka la ubakaji. Wakati huo uchaguzi wa tarehe 23 Februari ulikuwa umekwisha kufanyika, naye Besigye alikuwa ameshindwa kwa kura.

Ingedhaniwa kwamba baada ya hayo funzo lilikuwa limeeleweka. Haikuwa hivyo. Tarehe 1 Machi 2007, washtakiwa waliokuwa bado rumande walipopewa dhamana na Mahakama Kuu, askari waliingia tena katika eneo la mahakama, wakalishikilia kwa saa kadhaa, na wakawakamata upya watu wale wale. Wakili mmoja aliumizwa. Safari hii majaji na mahakimu wa Uganda walifanya jambo ambalo si la kawaida kwa watu wa kazi yao: kuanzia tarehe 5 Machi waliacha kusikiliza kesi kwa juma zima. Mawakili nao waliungana nao. Kwa muda huo, mwananchi aliyeibiwa ng'ombe wake, mjane aliyedhulumiwa shamba, na hata polisi aliyekuwa na kesi iliyo tayari kusikilizwa, wote walikuta milango imefungwa. Serikali ya Uganda ilieleza masikitiko yake kwa yaliyotokea.

Shauri hilo lilivuka mpaka likafika Arusha. Washtakiwa wale, wakiongozwa na James Katabazi, waliishtaki Serikali yao katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Serikali ya Uganda ilijitetea kwamba askari walilizingira jengo kwa nia njema, ili watu waliopewa dhamana wasije wakatoroka na kurudi kwenye uasi. Tarehe 1 Novemba 2007 majaji walitoa hukumu. Waliona kwamba utetezi wa namna hiyo ni wa kutia hofu, kwa kuwa ukikubaliwa mara moja utakuwa mfano wa hatari kwa Jumuiya nzima, na wakaamua kwamba kutumia askari wenye silaha kuzuia amri halali ya mahakama kunavunja kanuni ya utawala wa sheria iliyomo katika Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba huo ndio uliotiwa saini na Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 1999. Kwa hiyo hukumu ile haikuwa ya Waganda peke yao. Inamhusu kila askari wa kila nchi mwanachama.

Basi kesi yenyewe ya uhaini iliishaje? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Tarehe 12 Oktoba 2010, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilisimamisha mashtaka ya uhaini dhidi ya Besigye na wenzake waliokuwa wamebaki katika kesi hiyo. Sababu haikuwa kwamba mashahidi walisikilizwa wakaonekana waongo. Mahakama ilisema kwamba Serikali, kwa vitendo vya vyombo vyake, vikiwamo kuvamiwa kwa Mahakama Kuu na kuwashikilia watu waliokwisha kupewa dhamana, ilikuwa imevunja haki za washtakiwa kiasi kwamba kesi ya haki isingewezekana tena. Mashtaka yakafa kabla ya ushahidi kupimwa.

Yafaa jambo hilo litazamwe kwa macho ya askari, si kwa macho ya mwanasiasa. Kama washtakiwa wale hawakuwa na hatia, basi walikaa rumande miaka mingi bure, na dola ikawatendea dhuluma. Na kama baadhi yao walikuwa na hatia kweli, kama yale yaliyodaiwa kuhusu maficho ya Kongo na mipango ya kuiangusha Serikali yalikuwa ya kweli, basi wapelelezi waliofanya kazi usiku na mchana walinyang'anywa jasho lao. Aliyewanyang'anya si wakili, wala jaji. Ni wale waliodhani wanaisaidia kesi kwa kuziba mlango wa mahakama kwa bunduki. Vyovyote iwavyo, wananchi wa Uganda hawatajua kamwe kwa hukumu ya mahakama ukweli ulikuwa upi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na kisima kilichochimbwa tarehe 16 Novemba 2005 kiliimeza kesi ya Serikali yenyewe.

Patakuwapo wasikilizaji watakaouliza: je, askari akae akitazama tu, ilhali anaamini kwamba mtu wa hatari anaachiwa? Hapana, hakuna anayemtaka akae akitazama. Sheria imempa njia nyingi, na kila moja ina nguvu kuliko kuzingira jengo. Maombi ya dhamana yanapoletwa, mpelelezi aweza kuapa hati ya kiapo na kueleza mambo anayoyajua: mshtakiwa aliwahi kukimbia, ana pasi mbili za kusafiria, shahidi fulani ametishwa na ndugu zake. Hofu isiyo na maelezo haina uzito mbele ya jaji. Lakini hofu yenye tarehe, mahali na majina ina uzito mkubwa. Mwendesha mashtaka aweza kuomba masharti makali, wadhamini wenye mali zaidi, kuripoti kila juma. Uamuzi usiporidhisha, mahakama ya juu ipo. Na mshtakiwa akivunja sharti hata moja, dhamana hufutwa, naye hurudi ndani kwa amri ya mahakama ile ile iliyomtoa. Juu ya yote, njia iliyo bora ni kukamilisha upelelezi mapema. Washtakiwa wale walikamatwa mwaka 2004, na mwisho wa mwaka 2005 kesi yao ilikuwa bado haijasikilizwa. Ushahidi uliokamilika ndio kufuli ya kweli ya mlango wa rumande.

Mfano wa hivi karibuni unaonyesha kwamba njia hiyo si maneno matupu. Tarehe 16 Novemba 2024, miaka 19 kamili tangu siku ile ya fulana nyeusi, Besigye alitekwa mjini Nairobi, na tarehe 20 akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi ya Makindye. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri jingine lililoanzishwa na Michael Kabaziguruka, iliamua kwamba raia hawapaswi kushtakiwa katika mahakama za kijeshi kwa jinsi sheria ilivyokuwa. Mwezi Februari Besigye akafikishwa katika mahakama ya kiraia kwa shtaka la uhaini. Mawakili wake wakaomba dhamana, na mwezi Aprili 2025 Mahakama Kuu ikakataa, ikieleza uzito wa kosa na hofu kwamba upelelezi ungeweza kuingiliwa. Wapo walioupokea uamuzi huo kwa uchungu, na wapo walioufurahia. Kutekwa kwa mtu katika nchi ya jirani ni jambo jingine, lenye maswali yake mazito. Lakini katika hatua ile ya mahakama Serikali ilipata, kwa hoja za mawakili wake, kile ambacho mwaka 2005 ilikitafuta kwa bunduki. Baadaye, katikati ya mwaka huo wa 2025, Uganda ilipitisha sheria mpya ya jeshi inayoruhusu tena raia washtakiwe katika mahakama za kijeshi katika hali fulani, na hivyo mabishano ya Makindye yakafungua ukurasa mwingine.

Sheria za majirani hazifanani, na askari hana budi kuijua sheria ya nchi anayoitumikia. Nchini Kenya, kabla ya mwaka 2010, mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji au kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu hakuwa na dhamana kabisa. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, imeufungua mlango huo kwa makosa yote, isipokuwa pakiwapo sababu nzito za kumnyima mtu dhamana, na mzigo wa kuzionyesha sababu hizo uko kwa upande wa mashtaka. Tanzania imekwenda njia yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inayo orodha ya makosa yasiyo na dhamana, yakiwamo mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, na mwezi Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba orodha hiyo haivunji Katiba. Nchi tatu, njia tatu. Lakini katika zote tatu jambo moja halibadiliki: anayesema mtu huyu atoke au abaki, kwa mujibu wa sheria iliyopo, ni mahakama. Askari hutekeleza. Siku askari atakapojipa kazi ya kuchagua amri ipi ya jaji itekelezwe na ipi isitekelezwe, hapo nchi itakuwa imerudi kwenye ule utawala wa mwenye nguvu mpishe.

Uganda inajua utawala huo ulivyo, na Watanzania wenye umri wanaujua pia. Mwezi Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mganda wa kwanza kushika wadhifa huo, aliamua kwamba Mwingereza mmoja aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi alishikiliwa kinyume cha sheria. Tarehe 21 ya mwezi huo watu wa Idi Amin walimchukua kutoka katika jengo la Mahakama Kuu, na hakuonekana tena. Si ajabu kwamba wazee wa Kampala walipoziona zile fulana nyeusi mwaka 2005 katika jengo la mahakama hiyo hiyo, jina la Kiwanuka ndilo lililowajia midomoni. Baada ya Jaji Mkuu kuchukuliwa, hapakubaki mtu wa kumkinga mwananchi, na wala hapakubaki wa kumkinga askari. Maafisa na wapiganaji wengi wa jeshi la Uganda wenyewe waliuawa na utawala ule bila kushtakiwa, bila wakili, bila jaji wa kuuliza wamekosa nini. Wapiganaji wa Tanzania walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 walikuta nchi ambayo sheria yake ilikuwa imevunjwa kwa bunduki kabla haijavunjwa na vita.

Hilo ndilo linalofaa kukumbukwa na kila mtu wa jeshi na polisi anapomwona wakili akimwombea dhamana mtu anayechukiwa na kila mmoja. Wakili yule hamtetei mteja wake peke yake. Analinda mlango ambao kesho huenda askari mwenyewe akauhitaji. Askari hufyatua risasi kazini, mtu akafa, askari hushtakiwa, naye husimama kizimbani huku umati ukipiga kelele nje kwamba asitoke. Siku hiyo atataka awepo jaji asiyeogopa kelele, wakili asiyeogopa lawama, na mwenzake mlangoni atakayeitii hati ya mahakama atakapoisoma.

Katika lugha ya Kiswahili neno dhamana lina maana mbili, na maana zote mbili zinamhusu askari. Dhamana ni ile inayotolewa mahakamani, na dhamana ni jukumu ambalo mtu amekabidhiwa kwa kuaminiwa. Bunduki ni dhamana ya aina hiyo ya pili. Wananchi wameitoa kwa sharti, na aliyepewa ameapa. Mshtakiwa anayevunja masharti ya dhamana yake hukamatwa na kurudishwa ndani. Watu wa fulana nyeusi walivunja masharti ya dhamana yao mbele ya macho ya nchi nzima, na aliyeadhibiwa kwa kosa lao ni haki yenyewe, iliyokosa kujua mpaka leo nani alikuwa mhaini na nani alisingiziwa.